Wanasema Watoto Huzoea

Jumatatu, 13 Mei

Mimi Tinus Meppelink ndiye mtu mwenye bahati kuliko wote mkoani Drenthe, na anayebisha aje tubishane. Wenzangu walizaliwa wakapewa nyumba moja na mama mmoja, wakakaa navyo hadi wakavichoka. Mimi kabla sijatimiza miaka kumi na miwili nilikuwa nimeshapata nyumba sita na mama sita. Mmoja akipika vibaya, unavumilia kidogo, unapelekwa kwa mwingine. Nimeonja supu ya njegere ya mikono sita. Baadaye nikapanda meli za mizigo, nikafika Riga, Bilbao na Casablanca, na kila bandari nilitua kwa miguu kama paka. Mwilini nina kovu moja tu, nalo la kopo la samaki.

Haya, nimejijulisha. Sasa kazi.

Ninaandika kwa sababu nimeombwa. Shule yetu hapa Zandwolde iko ng'ambo ya uzio wa kambi ya waomba hifadhi, na mimi ndiye mtunzaji wake: nafungua milango, nabadilisha taa, naziba pancha za baiskeli, natoa mipira juu ya paa. Leo amekuja mama mmoja mrefu kutoka chuo kikuu, Bibi Wiersma, mtaalamu wa mienendo ya watoto. Anapima kama mtoto anatunzwa, yuko salama, ana marafiki, ana mahali pa kutulia, kisha anaandika ni lipi lenye heri zaidi kwa mtoto huyo. Ana maswali kumi na manne, kila moja na matawi yake.

Mtoto anayepimwa ni Nazeli Torosyan wa darasa la saba, ambalo hapa kwetu ni la watoto wa miaka kumi na mmoja kama yeye. Aliingia nchi hii ana miaka miwili, mgongoni mwa mama yake, kutoka Armenia. Kambi yetu ni ya saba kwake. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, lakini huyu kamba yake inavutwa kila akianza kudonoa. Ofisi ya wageni imewakatalia kukaa. Mama yake amekwenda mahakamani, na kesi itasikilizwa tarehe 27 Juni. Wakishindwa, watarudishwa Armenia, ambako Nazeli anakujua kwa nyimbo za jikoni tu.

"Andika unachokiona kwa mtoto mpaka siku ya kesi," Bibi Wiersma akaniambia, akanikabidhi daftari. "Wewe humwona wakati yeye hajui kama anatazamwa."

Nikamwambia amepata mtu. Nina jicho la mwewe na mwandiko wa daktari.

Jumanne, 14 Mei

Mvua. Nazeli amefika dakika ishirini kabla ya kengele.

Jumatano, 15 Mei

Mvua. Dakika ishirini.

Ijumaa, 17 Mei

Leo nilikuwa juu ya ngazi nikibadilisha taa darasani, nikamsikia Mwalimu Annechien akimsaidia Nazeli hesabu. Mtoto analijua jedwali la kuzidisha la saba kama jina lake. Ameshafundishwa mara nne, kwenye shule nne, kwa sababu kila alipohamia alilikuta ndiyo kwanza linaanza. Lakini sehemu, yaani nusu na robo na theluthi, hajawahi kufundishwa hata mara moja, maana kila alipohamia walikuwa wameshazipita. Mtoto ana akili, kichwani mwake wamemwachia mashimo.

"Usijali," Mwalimu Annechien akamwambia, "tutaziba."

"Kabla ya lini?" Nazeli akauliza.

Mwalimu akaanza kupanga penseli zilizokuwa zimeshapangika.

Nikashuka ngazi nikaenda kuyatukana mabomba ya chooni, kwa kuwa hayo hayajibu.

Jumanne, 21 Mei

Nimegundua kwa nini anawahi. Kwenye korido yetu kila mtoto ana ndoano yake ya koti, na juu yake kibandiko chenye jina. Nazeli akiingia huenda moja kwa moja kwenye ndoano, anasoma jina lake, ndipo anavua koti. Nikamtania.

"Unaogopa umelisahau?"

"Hapana, Mjomba Tinus. Naangalia kama bado lipo."

"Litakwenda wapi? Lina miguu?"

Akanitazama kama mtu mzima anavyomtazama mtoto mjinga mwenye tabia nzuri. "Kambi ya nne," akasema, "nilikuta limebanduliwa. Mwalimu alidhani nimeshaambiwa. Nilikuwa sijaambiwa. Mama alikuwa anangoja nimalize sherehe ya siku ya kuzaliwa ya rafiki yangu."

Basi ndivyo mtoto huyu alivyojua kwamba anahama, kwa kuona alama ya gundi ukutani.

Nilikuwa na mzaha mzuri tayari mdomoni. Nikaumeza. Ulikwenda chini kama mfupa wa samaki.

Ijumaa, 24 Mei

Leo Bibi Wiersma alinihoji mimi. Tulikaa chumba changu cha mitungi ya rangi, kahawa na biskuti moja moja, kwa desturi yetu. Nikamweleza yote: Nazeli ana rafiki mmoja wa kweli, Femke, binti wa mfugaji, na wawili hao wanatembea wameshikana mikono kama vibibi wanaotoka kanisani. Hapigani. Hajawahi kuvunja kitu. Nikasema hilo la kutovunja kitu ndilo linalonitia shaka, maana mtoto aliye kwake huvunja angalau dirisha moja kwa mwaka.

Akaandika. Kisha nikaona amechoka, nikampa hadithi yangu ya mama sita na supu sita, ambayo imeshachekesha baa za bandari tisa.

Hakucheka. Hakukasirika pia. Akauliza tu, "Nyumba ya tatu, mlango wake ulikuwa wa rangi gani?"

"Mama yangu, nani anakumbuka milango?"

"Sawa," akasema, akafunga kalamu yake, akala biskuti.

Ulikuwa wa kijani, na chini umechubuka mahali mbwa alipokuwa akikwangua. Sijui kwa nini nilimwambia sikumbuki. Mama huyu anauliza maswali kama mtu anayetafuta funguo katika mfuko wako.

Jumatatu, 27 Mei

Mvua imekata. Dakika ishirini na tano.

Jumatano, 29 Mei

Amekuja mtu wa ofisi ya wageni. Bwana Kroeze, shati limenyooshwa, viatu laini, uso wa jirani mwema. Mtu wa hivyo humfungulii mbwa. Alikuja kuzungumza na mama yake Nazeli habari za kurudi kwao, akamaliza mapema, akapita shuleni kuniomba kahawa. Nikampa. Mimi simnyimi mtu kahawa, hata shetani ningemuuliza sukari ngapi.

Tukapiga soga. Akanisifu kwa bustani. Akaniuliza habari za meli, nikampa Riga, nikampa Casablanca. Amekaa anacheka, anajipiga mapaja. Nami, baada ya yule mama wa kutocheka, nilikuwa na njaa ya mtu wa kucheka.

Akasema, "Watoto hawa unawaonaje, Tinus? Wanazoea?"

Nikamwambia, "Watoto? Mimi nilihamishwa nyumba sita, mama sita, na nitazame. Kuna kasoro?"

"Sioni kasoro," akasema.

"Hakuna. Kila nyumba nilitoka na kitu. Moja nilitoka na soksi."

Akacheka hadi machozi. Akanishukuru kwa kahawa, akasuuza kikombe chake mwenyewe. Nilimpenda kwa hilo la kikombe.

Ijumaa, 31 Mei

Joto la ghafla. Nazeli na Femke wamekula mkate wao wenye chembe za chokoleti nje, kwenye kivuli cha banda la baiskeli. Wamezozana nani ana miguu mirefu. Wamenifanya hakimu. Nikahukumu kwamba ni mimi.

Ijumaa, 7 Juni

Wiki ya matembezi ya jioni nne. Kijiji kizima barabarani, kila mtoto ananyonya nusu ya limau iliyochomekwa pipi ya mnanaa. Nazeli amemaliza siku zote nne, amepewa medali. Aliivaa leo darasani. Mwalimu alimruhusu.

Jumatatu, 10 Juni

Sina maneno, kwa hiyo nitayatumia mengi.

Saa tisa alasiri Wakili Hoekzema, anayemtetea Mama Nazeli, alinipigia simu akaniomba nifike kambini mara moja. Nikavuka uzio. Chumba chao kimoja kina vitanda viwili, meza, jiko la kushirikiana nje, na juu ya kabati mabegi ambayo hayajawahi kufunguliwa yote. Mama Nazeli alikuwa amekaa wima kama yuko mbele ya mpiga picha. Wakili alikuwa na barua ya kurasa kumi na mbili, ambayo ofisi ya wageni imeipeleka mahakamani kujibu kesi.

"Ukurasa wa tisa," wakili akasema. "Soma mwenyewe, Bwana Tinus, mimi nimeshaisoma mara tano nikidhani nimekosea."

Mimi kusoma si mwepesi. Nikafuata kwa kidole. Waliandika kwamba ripoti ya mtaalamu inadai kuhama mara kwa mara kumemdhuru mtoto na kwamba kumhamisha tena kutamvunja. Kisha wakaandika kwamba madai hayo yametiwa chumvi, kwa kuwa watoto huzoea upesi. Kisha hili, nalinakili herufi kwa herufi:

"Mfanyakazi wa shule, anayemfahamu mtoto kwa karibu, ameeleza kwamba yeye mwenyewe alihamishwa mara sita utotoni na hakupata kasoro yoyote."

Nikasoma tena. Nikatafuta mahali waliposema kwamba nilikuwa nachekesha. Hapakuwepo. Soksi hawakuiandika.

"Mtaalamu ameandika kurasa arobaini," Wakili Hoekzema akasema. Ana sauti ndogo, lakini leo ilikata bati. "Amemwona mtoto mara tano. Amezungumza na mama, mwalimu, daktari. Wao wamezijibu kurasa arobaini kwa kikombe kimoja cha kahawa."

"Lakini haikuwa mahojiano," nikasema. "Tulikuwa tunapiga soga."

"Alikuuliza jina lako kamili?"

"Alijua. Limeandikwa mlangoni."

Mama Nazeli akainuka, akanimiminia kahawa yake nyeusi katika kikombe kidogo, akaweka na mkate mwembamba na jibini. Mtu ambaye nimemchomea nyumba ananikaribisha chakula. Nikasema sili. Akasukuma sahani.

"Kula, Bwana Tinus. Ulisema kweli maneno hayo?"

"Niliyasema kwa mzaha, Mama Nazeli."

"Najua. Wewe ni mtu wa mzaha." Akakunja kitambaa cha meza, akakikunjua. "Lakini mzaha wako wameupiga mhuri."

Nimerudi nyumbani kwa miguu, nikaiacha baiskeli kule. Mdomo huponza kichwa, walisema wazee, lakini wangu umeponza kichwa cha mtoto wa mwenzangu, ambaye hakusema lolote.

Jumanne, 11 Juni

Dakika thelathini. Amesoma jina lake mara mbili.

Jumatano, 12 Juni

Nimepiga simu ofisi ya wageni. Nimesikiliza kinanda dakika hamsini na mbili, wimbo mmoja. Binti mmoja mpole akaniambia maelezo yangu yameshapokelewa. Nikasema ndiyo hayo ninataka kuyarudisha. Akasema maelezo hayarudishwi, huongezwa. Nikasema basi aongeze. Akasema si mahali pake. Akaniunganisha na Bwana Kroeze.

"Tinus, ndugu yangu," akasema, kwa furaha ya kweli. Hilo ndilo lililonichoma. Hana hata haya ya kujificha.

"Umeandika maneno yangu."

"Nimeandika ulichosema. Hukusema?"

"Nilisema."

"Nimebadilisha neno?"

"Hukubadilisha. Umeacha mengine."

"Barua haina nafasi ya kila kitu." Akashusha pumzi. "Usijilaumu. Ungekuwa umeharibikiwa, ningeliandika pia. Lakini wewe mwenyewe ulisema nikutazame, nikakutazama. Uko mzima, una kazi, una bustani. Wewe ni ushahidi mzuri, Tinus."

Nimetukanwa katika lugha nane, na mabaharia waliosomea kutukana. Hakuna aliyewahi kuniita jina baya kama hilo.

Nataka kuandika jambo hapa, na Bibi Wiersma akitaka alifute. Watu hawa si wakali. Mkali ningemjua, ningempa bega. Hawa ni watu wa kusuuza vikombe. Wanamhamisha mtoto mara saba kwa sababu mkataba wa jengo umekwisha, kwa sababu vitanda vinahitajika, kwa sababu jedwali lao limesema. Kisha wanamtazama hajalia mbele yao, wanaandika: amezoea. Nani angelia mbele yao? Mtoto akijifunza kutolia wanamhesabia kuwa ni afya. Na wanapotaka shahidi wanakwenda kumtafuta mwingine aliyejifunza kutolia, zee zima la miaka sitini na tatu, wanamnywesha kahawa yake mwenyewe.

Ijumaa, 14 Juni

Leo ndiyo siku nitakayoikumbuka hata nikisahau jina langu.

Baada ya shule Nazeli alikuja chumba changu. Baiskeli yake ilikuwa haina kasoro, lakini aliisukuma hadi ndani akasema mnyororo unalia. Nikaigeuza juu chini, nikatia mafuta mnyororo usiolia. Alikaa juu ya ndoo.

"Mjomba Tinus, wakili alipokuwa anasoma nilikuwa nje mlangoni."

"Nilijua kuna panya."

"Ni kweli nyumba sita?"

"Ni kweli."

"Na hukupata kasoro?"

Nikazungusha pedali. Gurudumu likazunguka, likazunguka.

"Kwa sababu," akasema, "ya kwangu ni saba, na mimi sijui kuzoea. Najifanya. Mama akifikiri nimelala nahesabu majina ya darasa la zamani, nisiyasahau, lakini la kambi ya pili nimeshalipoteza lote. Kama tutaondoka tena nifundishe ulivyofanya. Hata kidogo. Mtu alifanyaje mpaka asipate kasoro?"

Alikuwa na daftari. Jamani, alikuja na daftari na kalamu, aandike.

Mimi ni mtu ambaye hajawahi kukosa jibu. Niliwahi kumjibu askari wa forodha wa Tangier hadi akaninunulia chai. Nilimtazama mtoto huyu na kalamu yake, nikasema mnyororo uko tayari. Nikasema aende, mama yake anamngoja.

Akaniambia asante. Akafunga daftari. Alinitazama tena mlangoni, si kwa hasira. Alidhani ninayo siri ninamnyima.

Jumapili, 16 Juni

Wakili amesema naweza kuandika maelezo mapya, na siku ya kesi nitakuwepo hakimu akitaka kuniuliza. Nimekaa mezani tangu asubuhi. Kuandika uongo wangu ni rahisi, unajiandika. Hili limenigomea. Nimechana karatasi kumi na moja. Mimi sikumaliza shule, na nilikuwa nawaambia watu kwamba shule ndiyo haikunimaliza. Ukweli ni kwamba kila nilikopelekwa walikuwa kwenye ukurasa mwingine, na baada ya mara ya nne niliacha kutafuta ukurasa.

Sentensi hiyo ndiyo pekee iliyobaki mezani jioni. Nimeiweka kwenye bahasha peke yake.

Jumatano, 19 Juni

Kijiji kimeshasikia. Leo kwenye meza ya kahawa ya klabu ya mpira, Roelf, rafiki yangu wa miaka ishirini, kanikaribisha hivi:

"Huyu hapa, Tinus wa Serikali. Wanasema umesajiliwa kuwa mtaalamu."

"Kaa kimya, Roelf."

"Na ile ya mama sita? Usiniambie utakwenda mahakamani kusema uliumia. Miaka ishirini umetuchekesha nayo. Tuliicheka bure?"

"Mliicheka kwa sababu niliwachekesha."

Roelf akakoroga kahawa isiyo na sukari. Ana roho nzuri, ila huificha chini ya mafuta. "Mimi nilikuwa najiuliza," akasema mwishowe, bila kunitazama, "kwa nini husherehekei siku yako ya kuzaliwa. Mtu mwenye mama sita."

Nikalipa kahawa yake nikaondoka.

Jumatatu, 24 Juni

Joto, radi bila mvua. Mwalimu Annechien amewafikisha kwenye theluthi. Nazeli amepata nane kwa kumi. Yamebaki mashimo kumi na mawili ya kuziba, mwalimu anasema. Siku tatu kabla ya kesi.

Alhamisi, 27 Juni

Nimesema. Sitaki kuandika.

Jumatatu, 1 Julai

Dakika ishirini na tano. Hakimu amesema hukumu itatoka ndani ya wiki mbili. Mvua imerudi.

Ijumaa, 5 Julai

Nazeli na Femke wamevunja dirisha la chumba cha michezo. Mpira. Mwalimu mkuu alikuja na uso wa kanisa. Nikamwambia kioo kilikuwa na ufa tangu Februari. Nikakibadilisha nikiimba.

Ijumaa, 12 Julai

Hukumu imetoka.

Wakili Hoekzema aliisoma kwenye korido ya shule, Mama Nazeli akiwa amemshika mkono Mwalimu Annechien, nami nikiwa na ufagio. Hakimu amesema ofisi ya wageni haikupima heri ya mtoto jinsi sheria inavyotaka. Amesema ripoti ya mtaalamu haiwezi kupinduliwa kwa maneno ya pembeni ya mtunza shule, maneno ambayo mwenyewe ameyakana mbele ya mahakama. Barua yao imefutwa. Wanatakiwa kuamua upya, na mpaka waamue familia isihamishwe kutoka Zandwolde.

Wamepewa wiki nane. Hiyo ndiyo haki tuliyoshinda, wiki nane. Wameshaandika "hapana" mara tatu, na sasa wamepewa muda wa kuiandika mara ya nne kwa mwandiko mzuri zaidi. Miaka tisa mtoto anangoja, na watu wazima wanapeana mikono kwa kuwa amepewa ruhusa ya kungoja zaidi. Mama Nazeli alilia. Wakili akamwambia hii ni habari njema. Akasema, "Najua. Ndiyo maana nalia sasa. Zile nyingine sikulia." Nazeli aliuliza kama anaweza kwenda kuogelea na Femke kwenye bwawa la machimbo ya mchanga. Akaruhusiwa. Akaenda mbio bila koti.

Bibi Wiersma alikuwa amekuja kuchukua daftari. Nikamwomba anipe saa moja, kwa sababu kuna ukurasa ninaodaiwa, wa tarehe 27 Juni.

Hakimu alikuwa mama wa makamo mwenye miwani kwenye mnyororo. Bwana Kroeze alikuwepo upande wa pili, akanipungia. Hakimu akasoma ile sentensi yangu ya ukurasa mwingine, akauliza, "Bwana Meppelink, umesema mambo mawili tofauti. Lipi ni kweli?"

Mzaha ulikuja. Ulifika mpaka ulimini, mzuri, ungewachekesha wote pamoja na karani. Nazeli alikuwa amekaa safu ya mbele.

Nikamwambia hakimu habari za nyumba ya tatu. Ilikuwa ya Bi Aaltje. Nilikaa kwake miaka miwili na nusu, na yeye ndiye niliyemwita mama bila kuambiwa nimwite. Nilikuwa na miaka minane. Jumatano moja tulikuwa tunamenya viazi, mimi na yeye, gari likaja. Yeye alijua tangu Jumatatu. Watu wa ofisi ya ustawi wa watoto walimkataza kuniambia, ili nisisumbuke. Mwanamke aliyetoka garini akasema nitazoea. Bi Aaltje hakuinua kichwa, aliendelea kumenya, na mimi nikamchukia kwa hilo zaidi ya miaka thelathini. Sikuoa, kwa kuwa kila aliyenipenda nilimwacha kabla gari halijaja. Nilipanda meli kwa sababu melini huwezi kuchukuliwa. Nilipofika miaka arobaini na moja nikaenda kumtafuta, nimwambie ninavyomchukia. Alikuwa ameshakufa. Binti yake akanionyesha nakala za barua tisa ambazo mama yake aliwaandikia watu wa ofisi ile, akiomba nirudishwe. Walimjibu moja. Walimwandikia kwamba mtoto ameshazoea.

Hakimu akaniuliza kama nina la kuongeza. Nikageuka nikamwambia Nazeli, ingawa hairuhusiwi, kwamba sina cha kumfundisha, kwamba sikuwahi kujua namna ya kufanya, nilikuwa najifanya kama yeye.

Bwana Kroeze alikuwa anaandika. Sijui aliandika nini.

Bibi Wiersma, utakaposoma ukurasa wa kwanza wa daftari hili utakuta nimejisifu kwamba mimi ndiye mtu mwenye bahati kuliko wote mkoani Drenthe. Usiufute, uache pale waone. Lakini ni uongo. Sikuwa na bahati yoyote.